Bayopeleti, siki, chembe za chuma ama mwani: uchague ipi kushusha nitreti na fosfeti kwenye tangi la matumbawe

Nimeulizwa hii kitu mara nyingi mpaka nimeona bora niiandike yote pamoja. Mtu ana tangi la matumbawe, nitreti imepanda, fosfeti imepanda (zote mbili zinatokana na chakula na kinyesi cha samaki), mwani wa nywele ushashika mawe yote, Acropora, yale matumbawe ya matawi, zimekuwa rangi ya udongo, na kuna mtu kamwambia anunue riakta ya bayopeleti, yaani chupa ya kupitishia maji yenye punje ndani, atapona. Anataka kujua anunue ama asinunue.

Mie nimetumia bayopeleti miaka miwili na zaidi kwenye tangi la lita 450 hapa Mombasa, halafu nikahamia siki, na katikati hapo nimepitia chembe za chuma na mwani kwenye sampu, lile tangi la chini la kuchujia maji. Kwa hivyo nitalinganisha nilivyoziona kwa macho yangu, na nitasema wazi napendelea ipi na kwa nini. Lakini kabla hujafika kwenye kununua kuna maswali mawili lazima uyajibu, na hakuna hata moja limeandikwa kwenye pakiti. La kwanza, ni kipi hasa kimepanda, nitreti, fosfeti, ama zote mbili, na kwa kiasi gani. La pili, stima ya kwako inakaa vipi, na ikipotea wewe haupo, nani yuko nyumbani. Hilo la pili watu hawaliulizi kabisa na ndilo linaloua samaki.

Bayopeleti ni nini hasa

Ni punje za plastiki, ndogo kama dengu, lakini si plastiki ya ndoo ama ya mfuko. Ni aina ya plastiki ambayo bakteria wenyewe huitengeneza ndani ya miili yao, ukoo wake unaitwa PHA. Ya kwanza kujulikana, PHB, aliigundua Mfaransa Maurice Lemoigne pale Taasisi ya Pasteur, Paris, mwaka 1926. Bakteria akipata chakula kingi cha kaboni anakiweka akiba mwilini vile mtu anavyoweka mafuta, na hiyo akiba ndiyo PHB. Sasa ukizichukua hizo punje ukazitia kwenye maji, bakteria wanaziona ni chakula, wanazipanda, wanazila polepole.

Na kwa nini utake bakteria wale? Kwa sababu bakteria ili aongezeke anahitaji kaboni, nitrojeni na fosforasi kwa pamoja. Kwenye tangi letu nitrojeni na fosforasi zimejaa tele kwa sababu ya chakula cha samaki, kilichopungua ni kaboni. Ukiwapa kaboni wanazaana kwa kasi, wanameza nitreti na fosfeti njiani, halafu skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, inawakamata wale bakteria na kuwatoa kwenye kikombe. Hiyo ndiyo safari yote. Ukishaielewa hiyo utaona kwamba bayopeleti, siki, vodka na sukari ni kitu kimoja, zote ni kaboni, tofauti ni namna inavyoingia. Na utaona pia kwamba bila skima ya maana hakuna kinachotoka, bakteria watakufa humo humo ndani na kila walichomeza kitarudi kwenye maji. Kama skima yako ni ndogo ama unaizima usiku kwa sababu ya kelele, malizana na hiyo kwanza, usinunue kingine chochote.

Hesabu ambayo ingenisaidia mapema

Mwaka 1934 Mmarekani mmoja mtaalamu wa bahari, Alfred Redfield, alionyesha kwamba viumbe vidogo vya baharini vina uwiano wa nitrojeni na fosforasi unaokaribiana popote unapopima, na leo unatajwa hivi: kaboni 106, nitrojeni 16, fosforasi 1. Hiyo ni kwa kuhesabu atomu. Ukiigeuza iwe ppm (sehemu kwa milioni) kama tunavyopima kwenye chupa zetu za rangi, inatoka karibu nitreti 10 kwa fosfeti 1. Bakteria hawafuati hiyo namba sawasawa lakini inatosha kukupa mwanga.

Chukua mtu mwenye nitreti 5 na fosfeti 0.8. Anaweka bayopeleti. Bakteria wanakula, nitreti inaisha kabisa, na kwa ile nitreti 5 wamechukua fosfeti kama 0.5 tu hivi. Imebaki 0.3, na hawawezi kuendelea kwa sababu nitrojeni imekwisha. Na kusema kweli huwa inabaki zaidi ya hapo, kwa sababu kuna bakteria wengine kwenye sehemu zisizo na oksijeni wanaivuta nitreti kama pumzi na kuigeuza kuwa gesi ya nitrojeni bila kugusa fosfeti, halafu mawe nayo yamehifadhi fosfeti ndani yake miezi mingi na yanairudisha kidogo kidogo. Huyu mtu atakaa na nitreti sufuri, fosfeti juu, na hapo ndipo uchafu mwekundu wa sayano (bakteria wanaotanda kama zulia) unapopenda kuja. Atasema peleti ni mbovu. Peleti si mbovu, hakuwa na haja nazo, alihitaji chembe za chuma, ambazo hunasa fosfeti bila kugusa nitreti.

Kuna na upande wa pili. Mtu ana nitreti 40, amekuwa akitumia chembe za chuma kwa nguvu mpaka fosfeti imefika karibu sufuri, anaweka bayopeleti, miezi mitatu nitreti haishuki. Ni kwa sababu bakteria hawana fosforasi ya kujengea mwili. Akitoa zile chembe za chuma akaacha fosfeti ipande kidogo, nitreti inaanza kutembea. Nishaona hii mara mbili kwa watu tofauti, na wote walikuwa washaamua kuongeza peleti mara dufu.

Na ukiwa una kiu ya kufika sufuri, acha hiyo kiu. Kwenye mwamba halisi baharini nitreti na fosfeti ni kidogo sana lakini matumbawe pale yanalishwa usiku kucha na vijidudu vinavyoletwa na maji. Ndani ya tangi hakuna huo mlo. Ukitoa nitreti na fosfeti zote unalinyima tumbawe chakula, linapauka, ncha zinaungua, hasa kama alkalini yako (kinga ya maji dhidi ya asidi, inapimwa kwa dKH) iko 10 ama 11 dKH. Mie nalenga nitreti 5 mpaka 10, fosfeti 0.03 mpaka 0.1, alkalini 7.5 mpaka 8.5, na hapo rangi zinakaa vizuri.

Bayopeleti na siki, hapa ndipo penye mjadala

Hizi mbili nitazikalia kwa sababu zinafanya kazi ileile na mtu anachagua moja.

Uzuri wa bayopeleti ni kwamba ukishazipanga zinajiendesha. Hakuna kupima kila siku, hakuna kukumbuka. Bakteria wanakaa ndani ya riakta, wanakula pale pale, na maji yanayotoka unayaelekeza moja kwa moja kwenye mdomo wa skima, basi uchafu mwingi wa bakteria haufiki tangi la juu. Kwa mtu mwenye tangi kubwa, samaki wengi, analisha mara tatu kwa siku, hii ni kazi nzuri sana. Kwangu nitreti ilitoka 50 ikafika 8 kwa miezi mitatu hivi, na sikugusa kitu isipokuwa kuongeza peleti kila zilipopungua. Fosfeti lakini ilishuka kidogo tu, kutoka 0.25 mpaka 0.18, kwa sababu ya wale bakteria wanaoigeuza nitreti kuwa gesi na mawe yanayorudisha fosfeti, kama nilivyosema juu.

Ubaya wake wa kwanza ni mwendo wa maji, ambao ni lazima uwe sawa, na kuupata kunachosha. Peleti zinatakiwa zigeuke taratibu muda wote, kama mbaazi zinazochemka kwenye sufuria kwa moto mdogo. Maji yakiwa machache zinashikana, zinakuwa bonge lenye kamasi, ndani ya bonge oksijeni inakwisha na hapo unaanza kutengeneza sumu. Maji yakiwa mengi mno zinasuguana, bakteria wanabanduliwa, peleti zinasagika na vumbi lake linazunguka tangini. Na kila bakteria wakiongezeka uzito na utelezi wa peleti unabadilika, kwa hivyo ulivyorekebisha wiki ya kwanza sivyo itakavyokuwa wiki ya sita. Riakta yenye kitako cha mviringo kinachorusha maji kutoka chini ni afadhali kuliko ile bapa, kwenye bapa pembeni huwa panakufa. Na zile chujio za matundu, ya chini na ya juu, huziba, usizisahau.

Ubaya wa pili ni kusubiri. Wiki nne mpaka nane huoni kitu, kwa sababu bakteria lazima kwanza wazivae zile punje. Watu wengi hapa ndio wanakosea, wiki ya tatu wanaona nitreti iko pale pale wanamimina zilizobaki zote, halafu wiki ya saba zote zinaamka kwa pamoja na nitreti inaanguka kama jiwe. Anza na robo ama nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, loweka siku nzima kwanza ili zisielee, na ngoja.

Ubaya wa tatu, na huu kwangu ndio mkubwa, bayopeleti hazisikii ukiziambia zisimame. Ukiona nitreti imefika unapotaka, huwezi kupunguza kwa leo ukaongeza kesho. Lazima ufungue riakta, utoe punje, ufunge, na athari utaiona wiki kadhaa baadaye.

Na stima ikipotea ndio kabisa. Fikiria chupa iliyofungwa, imejaa mamilioni ya bakteria wenye njaa na chakula chao kimejaa humo humo, na maji yamesimama. Oksijeni iliyomo inaisha upesi mno. Baada ya hapo wanaingia kwenye kuvuta nitreti, ikiisha wanavuta salfeti ambayo maji ya bahari imejaa, na kinachotoka ni salfaidi ya haidrojeni, ile gesi ya mayai viza, sumu kali kwa samaki. Kwangu stima ilipotea saa mbili usiku, nikalala, ikarudi kabla ya alfajiri. Pampu ya riakta ikawaka yenyewe na kusukuma maji yote yale ndani ya sampu. Nilipoamka kuswali sebule inanuka. Samaki wangu wawili, kangaja wa buluu, niliokaa nao miaka minne walikuwa chini kwenye mchanga, na Acropora kadhaa zilianza kubanduka ngozi siku hiyo hiyo. Inaniuma mpaka leo kwa sababu kulizuia kulikuwa rahisi, ni mimi sikujua.

Kwa hivyo kama unatumia peleti, hili lishike. Stima ikipotea zaidi ya saa moja, usiruhusu riakta ijiwashe. Chomoa. Ikirudi, bomba la kutokea litie kwenye ndoo, sukuma maji ya ndani yote yaende ndoo, ukinusa na hakuna harufu ndipo ulirudishe kwenye sampu. Kuna soketi na swichi ambazo stima ikirudi haziwaki mpaka mtu azibonyeze, hiyo ndiyo ya kufungia pampu ya riakta. Na kama una betri ama inveta ndogo, watu huweka mota ya mawimbi peke yake, we ongeza na pampu ya riakta, ni wati chache.

Siki sasa. Siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, isiyotiwa rangi wala ladha wala viungo, soma nyuma ya chupa. Vodka ndiyo iliyotajwa sana mwanzo na inafanya kazi, lakini nyumba nyingi za kwetu vodka haivuki mlango, na wala hakuna haja. Ukihesabu kaboni, mililita 1 ya vodka ya asilimia 40 ni sawa na kama mililita 8 za siki, basi maelezo yoyote ya vodka unazidisha kwa 8 na mambo yanaenda.

Unaanza kidogo: kama mililita 0.8 ya siki kwa kila lita 100 za maji, kwa siku. Tangi langu la lita 450 ni mililita tatu na nusu hivi. Siku tatu nne unaangalia, unaongeza kama maradufu, halafu kila wiki unaongeza kidogo kidogo huku unapima nitreti. Siku ukiona inaanza kushuka, simama hapo usiongeze. Ikifika unapotaka, punguza mpaka nusu na ubaki pale. Ukikosea, dalili inakuja haraka na inaonekana: maji yanakuwa meupe kama tui la pili, ama kamasi jeupe kwenye mabomba na kwenye kuta za sampu. Ukiona hivyo acha siki siku mbili tatu, ongeza hewa, itapita. Unaona tofauti? Kosa la siki linakupa nafasi ya kurudi nyuma.

Siki inashusha pH kidogo inapoingia, yaani maji yanakuwa na asidi zaidi, kwa hivyo itie mchana taa zikiwa zimewaka, na igawe, usimwage yote mara moja. Pampu ya kudozi, ile inayotia kipimo yenyewe, inagawa mara nyingi kwa siku na hapo ndipo siki inaipiku bayopeleti kwa mazingira yetu: ile pampu ya kudozi ichomeke kwenye waya mmoja na skima. Stima ikipotea siki inakatika, skima ikizimika siki inakatika. Hakuna chakula kinachobaki kimefungiwa mahali kinaoza. Yaani mfumo unajizuia wenyewe wewe ukiwa kazini ama safarini.

Ubaya wa siki? Inahitaji mtu wa kupima na kuandika. Kama huna pampu ya kudozi, siku ukisahau na kesho ukatia mara mbili, umeharibu. Bakteria pia hawakai mahali pamoja, wanaota popote, ndani ya mabomba, kwenye pampu, na saa zingine kwenye mchanga wa tangi la juu, kwa hivyo kusafisha pampu ni mara nyingi zaidi. Na tangi likiwa kubwa sana, tuseme lita elfu mbili na kitu, unajikuta unabeba siki kwa madumu, hapo bayopeleti zinaanza kuwa na maana tena.

Kuhusu bei, riakta na pampu yake na peleti ni pesa ya kutoa mara moja nene, na peleti huku hazipatikani kila duka, unaagiza na unasubiri. Siki iko duka la jirani. Pampu ya kudozi ndiyo gharama yake, na mtu anaweza kuanza na sindano ya hospitali isiyo na ncha.

Jambo moja linazihusu zote mbili: joto. Bakteria wa kaboni wanakula oksijeni, na maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Maji ya bahari kwa nyuzi 25 yanaweza kubeba kama miligramu 6.8 kwa lita, kwa nyuzi 30 yanabeba kama 6.2. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, tangi lisilo na chila (mashine ya kupoza maji) hapa pwani linakaa nyuzi 29, 30, na usiku mwani na matumbawe nayo yanavuta hewa. Kwa hivyo miezi hiyo mie napunguza siki kwa theluthi na feni ya sampu haizimwi. Aliye na peleti hawezi kupunguza kirahisi, basi angalau asiongeze mpya miezi hiyo.

Chembe za chuma

Hizi ni oksidi ya chuma ya chembechembe, wengi wanaziita GFO. Zinanasa fosfeti, nitreti haziigusi hata kidogo. Zinafanya kazi siku hiyo hiyo, na huo wepesi ndio hatari yake: fosfeti ikitoka 0.5 kwenda 0.03 kwa siku moja mbili, Acropora zinaweza kubanduka ngozi kutoka chini kwenda juu. Tumia nusu ya kipimo, badilisha zikichoka, kwa kawaida wiki nne mpaka nane kutegemea fosfeti yako ilivyo. Zioshe kwanza mpaka maji yasiwe mekundu. Ukiacha maji yasimame ndani yake masaa machache hakuna balaa la kama peleti, hazina bakteria wa kulishwa. Usizichanganye na bayopeleti kwenye riakta moja, zina uzito tofauti na mwendo tofauti, moja itashikana na nyingine itasagika.

Mwani kwenye sampu

Chaetomorpha, ule mwani kama waya za kijani zilizovurugika, chini ya taa kwenye sampu. Hii ndiyo ninayoipenda kwa moyo. Inachukua nitreti na fosfeti pamoja, na taa yake ukiiwasha usiku wakati ya juu imezimwa inazuia pH isianguke, inatoa oksijeni saa ile inayohitajika zaidi. Wadudu wadogo wanazaana humo na wanapanda juu kuwa chakula cha samaki.

Kinachosahaulika ni kwamba kinachotoa uchafu ni kuvuna. Wakina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani, kilimo kilichoanza Zanzibar mwaka 1989, ama wale wa Kibuyuni upande wetu wa Kwale, wanajua mwani ukiachwa unajibana, unavunjika na kuoza. Kwenye sampu ni vivyo hivyo. Ukiacha miezi mitatu bila kuvuna, ndani ya lile bonge mwanga haufiki, unaoza, na fosfeti yote inarudi. Vuna theluthi kila wiki mbili.

Upungufu wake ni nafasi, bili ya taa, na kwamba inaenda polepole. Tangi lenye nitreti 60 halitaponywa na kibonge cha mwani ukubwa wa ngumi. Na usiiweke pamoja na bayopeleti zenye nguvu ukitegemea vyote vishinde, bakteria watamaliza chakula na mwani utapauka na kuyeyuka. Caulerpa, aina nyingine ya mwani, mie siipendekezi, ikiamua kutoa mbegu zake usiku mmoja inageuka nyeupe yote na kumwaga kila ilichobeba.

Kubadilisha maji

Sisi wa pwani tuna bahati ambayo mtu wa Nairobi hana, yeye kila ndoo ni chumvi ya kununua. Ukibadilisha asilimia 20 mara nne, nitreti 50 inakuwa kama 20, ukichukulia hakuna mpya inayoingia, na bila shaka inaingia. Kwa tangi la lita 150 mpaka 200, hii peke yake na kulisha kwa kipimo inatosha, huhitaji riakta yoyote. Lakini maji uchukue ya upande wa bahari wazi, maji yakiwa yamejaa. Usichote ndani ya hori za Tudor ama Kilindini ambako mji wote unamwaga, na wakati wa masika mito inaleta tope subiri siku kadhaa. Halafu lile la kujazia linalopungua kwa mvuke, usitumie la kisima. Visima vyetu viko karibu na vyoo na nitreti imejaa humo. Nimemwona mtu akihangaika na peleti mwaka mzima, kumbe kila siku anajazia nitreti kwa ndoo. Maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando), TDS, yaani kipimo cha vilivyoyeyuka ndani, iwe sufuri, hapo hakuna mjadala.

Sasa wewe uko wapi

Tangi dogo, chini ya lita 200: badilisha maji, mwani kama una nafasi. Siki kwa tangi dogo inawezekana lakini kosa la mililita moja ni kubwa.

Nitreti chini, fosfeti juu: chembe za chuma kidogo kidogo, usiguse kaboni.

Nitreti juu, 30 na kuendelea, fosfeti ipo lakini si kubwa, tangi la kati, stima inakwenda na kurudi: siki kwa pampu ya kudozi, waya mmoja na skima. Wengi wanaoniuliza wako hapa.

Tangi kubwa, samaki wengi, skima ya nguvu, una jenereta inayojiwasha ama inveta, na kuna mtu nyumbani anayejua kuchomoa: bayopeleti, na chembe za chuma kwenye riakta yake tofauti kwa ajili ya fosfeti itakayobaki. Hapo nakuambia nunua bila wasiwasi, utafurahi.

Nitreti na fosfeti zinasoma sufuri lakini mwani umejaa kwenye mawe: hizo namba zinakudanganya, mwani unakula kabla hujapima. Ng'oa kwa mkono, ongeza konokono, usitie kaboni, utaleta dino, vijimea vidogo sana vya kahawia vyenye utelezi, na hizo kuziondoa ni kazi ya miezi.

Na kama tayari una peleti unataka kuhamia siki kama nilivyofanya mie, usizitoe zote siku moja, bakteria walizoea na nitreti itaruka. Toa theluthi, ngoja wiki mbili, anza siki kwa kile kipimo cha chini kabisa, toa theluthi nyingine, ngoja tena. Mie ilinichukua wiki saba. Alkalini niliipima kila siku mbili muda wote huo kwa sababu matumbawe yalibadilisha mwendo wa kula, na nitreti ilipanda mpaka 14 katikati halafu ikarudi 7, ikakaa hapo.